Bukta ya Baba Dativa

Mwanamume anayeumia mahali asipotaka kupataja hujulikana kwa namna anavyoshuka kwenye baiskeli. Apolinari siku ile hakuonekana akishuka. Alikuwa ameshashuka zamani, huko nyuma kabla ya daraja la Lumemo, akaikokota baiskeli na mikungu yake ya ndizi kutoka Sanje, miguu imeachana kama mtu aliyetoka jarubani kwenye mpunga na tope halijamkauka. Mkewe Agnella alikuwa barazani kwenye cherehani. Alimwona tangu anakata kona, akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Imechoma," alisema Apolinari kabla hajaulizwa.

"Wapi?"

"Huko."

"Huko kuna sehemu nyingi, Baba Dativa. Mbele, nyuma, pembeni?"

"Huko huko kwa siku zote."

Jirani yao Brigitha, aliyekuwa anapepeta mchele upande wa pili wa ua, alishusha ungo wake ili asikie vizuri. "Pole na safari, jirani," alisema. "Naona leo umeazima mwendo wa bata."

"Nimechoka tu," alisema Apolinari, akaingia ndani kwa mwendo huo huo wa bata.

Hiyo ilikuwa bukta ya tatu. Ya kwanza Agnella aliishona kwa taiti za mtumba na ndani akaweka sponji ya godoro. Sponji ikanywa jasho njia nzima, na mume akarudi kama aliyekalia andazi lililosahauliwa kwenye chai. Ya pili akapunguza sponji, akabana mapaja kwa lastiki ili kitambaa kisipande. Kitambaa hakikupanda, ila miguu ilikufa ganzi, na Apolinari alipojaribu kushuka kule Sanje alianguka pamoja na baiskeli mbele ya wauza ndizi, nao wakamsaidia kuinua baiskeli kwanza. Ya tatu ndiyo hii. Alikuwa amehamisha mishono yote akaisogeza pembeni, na bado inachoma huko huko.

Wazo lenyewe lililetwa na mzungu mmoja aliyekuwa anazunguka nchi kwa baiskeli. Bukta yake ilichanika, akaleta ishonwe. Agnella aliigeuza ndani nje, akaona mto mwembamba umeshonewa kwenye msamba, akakaa nayo muda mrefu kuliko kazi iliyotakiwa. Mzungu alilipa, akashukuru, akaenda zake. Hakueleza kitu kingine, na Agnella hakujua kama kuna kitu kingine cha kuuliza.

Laiti angeishia kumshonea mumewe tu, hasara ingekuwa ya nyumbani. Lakini aliongea. Alimwambia Shilinde, kijana wa Kisukuma aliyewaongoza wale wanaosomba maziwa kwa baiskeli kutoka maboma ya wafugaji kule mbele ya Michenga. Watu hawa hawana siku ya kupumzika, kwa sababu ng'ombe hana Jumapili, na hawana ruhusa ya kusimama njiani, kwa sababu maziwa yakichelewa na jua yanakatika. Wote walikalia magunia yaliyokunjwa, na wote walikuwa na mwendo wao. Shilinde, ambaye kwao aliwahi kushindana mbio za baiskeli, alielewa upesi.

"Mama, ukipata bukta ya kumtoa mtu maboma mpaka Ifakara bila kushuka, kila mmoja wetu atachukua yake. Lakini tuione kwa macho. Baba aje tuende naye."

Kwa neno hilo Agnella aliacha sare. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, kina mama walikuja na vitambaa vya mashati na kaptula, akawaambia nendeni kwa mwingine, mimi nina kazi. Sasa msimu ulikuwa umepita barazani kwake kama gari lisilosimama. Bukta zikikubali, atabaki na cherehani yake na baraza lake. Zikikataa, itabidi arudi kushonea kwenye duka la Steven, alikotoka akiwa amefunga mdomo kwa hasira, na kule kila mtu atamuuliza ilikuwaje.

Ndiyo maana hakukaa. Aliinuka, akakaa, akainuka tena, akafumua mshono wa bukta ya tatu mpaka nyuzi zikamjaa mapajani.

 

Kesho yake alienda jarubani kwa Brigitha akarudi na ndoo ya tope. Akalisambaza juu ya mfuko wa nailoni, akaweka mfuko juu ya stuli uani, akalilainisha kwa kiganja.

"Baba Dativa, njoo ukae."

"Nikae wapi?"

"Hapo."

Apolinari alitazama stuli, akamtazama mkewe. "Kwenye tope? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Inama kama umeshika usukani. Nataka nijue uzito wako unaangukia wapi."

"Unaangukia matakoni, kama wa watu wengine."

"Kaa, bwana."

Akakaa, amevaa kaptula yake ya zamani, amenyoosha mikono mbele na kushika hewa. Agnella akamzunguka, akamsukuma bega, akamwambia ainuke kidogo, akae tena, apige pedeli za uongo. Kichwa cha Brigitha kikachomoza juu ya ua.

"Jirani, mnafinyanga chungu au mnafinyanga mume?"

"Mume nilimkuta ameshafinyangwa," alisema Agnella bila kugeuka. "Natafuta pa kurekebisha."

Apolinari alipoinuka, tope lilikuwa limeandika habari yake yote. Kulikuwa na mashimo mawili yaliyozama, palipokaa mifupa ya makalio, na katikati palikuwa pamesuguliwa tu, hapakubonyea. Agnella alipiga magoti akatazama kwa muda. Akachana karatasi ya mfuko wa saruji, akailaza juu, akaibonyeza kwa vidole mpaka ikanyonya maji na kuchora mashimo. Kumbe miezi yote alikuwa anaweka godoro mahali ambapo mtu hakai, na pale pembeni alipoisogeza mishono ndipo mtu anapokaa, minne inakutana kama njia panda ya sokoni.

Siku mbili zilizofuata hakupika. Alikula mkate, na mumewe alikula mkate pamoja na maneno. Alikata msamba wa kipande kimoja, mpana nyuma, mwembamba katikati kama kiuno cha nyigu, bila mshono wa kupita kati. Sponji akaipanga mara mbili kwenye mashimo yale mawili tu, kwingine akaiacha nyembamba kama kitambaa cha kanzu. Kwa nje alitumia nguo za kuogelea za mtumba, zile ambazo hakuna mtu Ifakara aliyekuwa anazinunua kwa sababu hakuna aliyekubali kuonekana nazo. Hazikai na maji. Kiunoni akapandisha nyuma na kushusha mbele, ili mtu akiinama mgongo usibaki wazi.

Ikabaki kuunganisha. Na hapo ndipo cherehani yake ilipogoma, kwa sababu uzi wa kawaida kwenye kitambaa kinachovutika unakatika mtu akikunja goti mara ya kwanza. Ilitakiwa mashine ya ovaloki, na mwenye ovaloki alikuwa Steven.

 

Steven alimwacha asimame. Alikuwa anamkatia mteja suruali, akaikata polepole kama anakata keki ya harusi, akapokea simu, akaongea na simu, akamaliza. Ndipo akainua macho.

"Agnella. Nasikia unawashonea watu magodoro ya kutembea nayo."

"Naomba ovaloki kidogo, fundi. Nitalipia."

"Hebu nione." Akaipokea bukta, akaigeuza, akaishika kwa vidole viwili mahali pa msamba, akawaonyesha mafundi wake. Walicheka kwa adabu, kwa sababu walikuwa wanalipwa na Steven. "Na hii ni ya shemeji? Anaivaa barabarani, watu wanamwona?"

"Anavaa shati refu."

"Afadhali." Steven akairudisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyezoea kuombwa. "Tumia, usinilipe. Lakini tuelewane. Jumamosi mnajaribu, nimesikia kwa watu wa maziwa. Ikishindikana, Jumatatu asubuhi uje ukae kwenye kiti chako. Kipo pale karibu na mlango, sijampa mtu. Utaanza na vifungo na matundu yake mpaka mkono urudi."

"Mkono wangu haujaenda popote."

"Basi utaanza na vifungo mpaka mdomo urudi."

Agnella alitazama ovaloki, akatazama kiti kile. Kilikuwa kile kile, mguu mmoja umefungwa kwa waya aliouzungusha mwenyewe.

"Sawa," alisema, akakaa kwenye mashine kabla hajabadili mawazo.

 

Jumamosi wasomba maziwa waliondoka kabla ya jua, na Apolinari katikati yao, bukta imembana na shati limemfunika mpaka karibu na magoti. Miongoni mwao alikuwemo Kasmiri, mume wa Dativa, binti yao. Kasmiri alimwamkia mama mkwe wake akiwa anatazama gurudumu la mbele, naye Agnella akaitikia akiwa anatazama barabara, kama inavyopasa. Wakatokomea.

Asubuhi hiyo Agnella alifagia mbele ya kijiwe cha maziwa, karibu na soko, ingawa hapakuwa kwake. Alihesabu vifungo vya gauni lake, akavifungua na kuvifunga. Jua likapanda. Wateja wa maziwa wakaanza kufika na vidumu vyao, na Steven pia, na jagi.

Baiskeli zikaanza kuingia moja moja. Shilinde, kisha wengine, kisha Kasmiri. Wakashusha madumu, wakapima, wakauza. Baiskeli ya Apolinari haikuonekana. Ilionekana maziwa yakiwa yameshaisha, na mwenyewe alikuwa anaikokota, uso umelowa, miguu mbali mbali. Madumu aliyopewa abebe yalifunguliwa hapo hapo. Maziwa yalikuwa yamekatika, yanaelea mapande.

Kasmiri aliinama akaanza kukaza nati ambayo haikulegea.

"Shikamoo, mama," alisema Shilinde, ingawa walikuwa wameshaamkiana alfajiri. "Baba amejitahidi. Alipita Michenga vizuri kabisa, tena anatuongoza. Kurudi ndiyo akashuka." Akakuna kichwa. "Sisi mama tutaendelea na magunia yetu. Si kwamba tumekudharau."

"Hata ovaloki haijaachia uzi," alisema Steven, akichungulia paja la Apolinari kama anakagua mali yake. "Mshono mzuri sana. Basi Jumatatu, mama."

Agnella alichukua usukani wa baiskeli kutoka mikononi mwa mumewe. Wakaondoka, yeye anakokota na mume anafuata, na njia nzima watu wakawaambia poleni, neno ambalo siku nyingine huwa tamu.

 

Nyumbani alifunga mlango, akavuta pazia, akachukua bakuli la maji ya chumvi.

"Lala kifudifudi."

"Nitajipaka mwenyewe."

"Umejipaka mwenyewe tangu bukta ya kwanza. Lala, nimekuzalia watoto, unanificha nini?"

Apolinari alilala, akaficha uso kwenye mto. Agnella alileta taa karibu, kwa sababu pazia lilikuwa zito, akatazama. Alitegemea kuona makalio yaliyochubuka, pale kwenye mashimo mawili. Palikuwa safi, pakavu, ngozi ya mtu aliyepumzika. Katikati, safi. Lakini kwenye mikunjo ya mapaja, kulia na kushoto, kulikuwa na mistari miwili myekundu, mibichi, imepinda kama mundu, na mahali pengine imefika kwenye nyama. Mmoja uliishia kwenye kidonda kirefu chenye alama za menomeno, kama za lastiki.

Hakuwa na mshono hapo. Alifumba macho akapita kwa akili kila mshono alioushona, wa bukta hii na zile za nyuma. Hakuwahi kuwa na mshono hapo.

"Baba Dativa. Ndani ulivaa nini?"

Apolinari alizidi kuzamisha uso kwenye mto.

"Nakuuliza, ndani ya bukta ulivaa nini?"

"Nilivaa kama mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu aliyelelewa." Akageuza uso upande. "Ulitaka nivae nini? Nipite Michenga, mbele ya nyumba ya mama yangu, bila chupi? Na gari likinigonga? Pale kijijini kuna mzee aligongwa miaka mingi iliyopita, akavuliwa mbele za watu hana kitu ndani. Mpaka leo ukimtaja hawasemi alikufaje. Wanasema alikutwaje."

"Na zile bukta nyingine?"

"Zote."

Agnella aliketi sakafuni. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za huko, kila mtu alifua ya kwake mwenyewe akioga, akaianika ndani nyuma ya mlango, chini ya taulo, mwenzake asione. Ndoa yao ilikuwa imezeeka hivyo, kwa heshima, na kwa heshima hiyo alikuwa amekata, amefumua, amepoteza msimu wa sare, amekalisha mume kwenye tope, na kumbe adui alikuwa chini ya taulo.

Alianza kucheka. Hakutaka, lakini kicheko kilikuja chenyewe, na kikamtoa machozi, na baada ya hapo yalibaki machozi tu.

"Ungesema," alisema.

"Hukuuliza."

"Ningeulizaje kitu kama hicho?"

"Sasa mimi ningesemaje?"

Akamkanda kwa maji ya chumvi. Apolinari akauma mto. Kwa muda kazi ya maji na kitambaa ndiyo iliyosikika, na Brigitha huko nje akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini isiyomzuia kusikia.

"Kwa hiyo bukta ni nzima," alisema Apolinari mwishowe.

"Nzima. Lakini nani ataamini? Wamekuona na maziwa yamekatika. Nitasimama pale niwaambie nini? Kasmiri yupo. Niseme neno chupi mbele ya mkwe wangu?"

Apolinari alifikiri. "Haisemeki," alikubali.

"Na Jumatatu niko kwa Steven."

Apolinari hakulala usingizi wa mchana kama alivyokuwa amekusudia. Alikaa, akashtuka, akasimama.

 

Jumapili baada ya misa Agnella alienda kijiweni peke yake, bukta imefuliwa, imekunjwa ndani ya kitenge. Wasomba maziwa walikuwa wanaosha madumu. Steven naye alikuwepo na jagi lake, amevaa koti la misani.

"Shilinde, mwanangu," alisema Agnella. "Nakuomba uijaribu wewe. Mara moja tu."

"Mama, baba mwenyewe imemshinda."

"Haikumshinda. Kulikuwa na... kuna namna ya kuivaa."

"Namna gani?"

Agnella alifungua mdomo. Pembeni yake Kasmiri alikuwa anasugua dumu, ameinamisha kichwa, kijana mwenye adabu ambaye hajawahi kupita mlangoni kwa mama mkwe bila kubisha hodi ukutani kwanza. Maneno yakaja mpaka kwenye meno, yakarudi.

"Namna tu," alisema.

"Mama, bukta si ngoma kwamba ina namna," alisema mmoja, na wenzake wakacheka. Steven akatazama saa yake kama kwamba Jumatatu imekaribia.

Wakati huo Apolinari alitokea kwenye kona ya soko, kwa miguu, mwendo wa taratibu na wa maumivu, na shati lile lile refu. Hakuwa ameaga kwamba anakuja. Alifika, akasalimia, akakaribishwa benchi akakataa kwa sababu zinazojulikana.

"Kasmiri," alisema. "Nenda kaniangalizie upepo kwenye baiskeli yangu."

"Baba, hujaja na baiskeli."

"Basi kaangalie ya mtu mwingine."

Kasmiri aliweka dumu chini akaenda mpaka ukutani, akainama kwenye gurudumu la kwanza alilolikuta, umbali ambao adabu inaridhika na masikio pia. Agnella naye alijua la kufanya. Akageuka, akawapa mgongo, akatazama duka la vocha lililokuwa limefungwa.

"Bukta ile," alisema Apolinari nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo asilolipenda, "haivaliwi na chupi. Inavaliwa mwilini. Mimi niliivaa na chupi. Hiyo na zote za kabla yake. Chupi ndiyo iliyonikata. Mke wangu hakujua, maana sikumwambia, na mtu hamwambii mkewe mambo ya namna hiyo."

Kicheko kikaanza kwa mmoja, kikapita kwa mwingine, madumu yakaanguka, na Steven akacheka mpaka jagi likamwagikia koti. Agnella aliona shingo yake inawaka moto. Alitamani ageuke, hakugeuka. Alisikiliza mumewe akichekwa, na alisikiliza kwamba mumewe haondoki.

"Hata kidogo, baba?" aliuliza Shilinde, akijikaza. "Ndani hakuna kitu kabisa?"

"Hata kidogo."

"Na mtu akianguka barabarani?"

Apolinari alilivuta shati lake chini.

"Aanguke," alisema. "Mimi nimeshaanguka hapa mbele yenu, na bado nimesimama. Hata kukaa siwezi, lakini nimesimama."

Wakacheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa cha aina nyingine, na katikati yake mtu mmoja alisema, "Mzee, pole sana, maana mimi jeraha langu liko hapo hapo," na mwingine akasema, "Hata mimi." Shilinde akanyoosha mkono juu ya bega la Agnella, akachukua kitenge na kilichomo.

 

Jumatatu asubuhi Agnella hakuwa kwenye kiti cha Steven. Alikuwa kijiweni, amesimama, anazunguka nguzo ya kibanda. Steven alimfuata huko huko.

"Nimefungua duka, sikuoni."

"Ngoja kidogo, fundi."

"Nimengoja kidogo tangu asubuhi. Tulielewana."

"Tulielewana ikishindikana. Haijashindikana bado. Haijarudi."

"Agnella, mimi vifungo vyangu haviwezi kungoja Msukuma akojoe njiani."

Agnella alikuwa anatazama barabara ya Michenga, ambako mvua ilikuwa inajikusanya na vumbi lilikuwa bado halijakubali kulala. Apolinari alisimama upande wa pili, mikono nyuma. Wote wawili walijua kwamba kuna chembe moja ya shaka ambayo hakuna aliyeitaja: labda si chupi peke yake. Labda bukta nayo ni mbaya, na Apolinari alijitia aibu bure, na kesho mji mzima utakuwa na hadithi na wao hawatakuwa na kazi.

Baiskeli ya kwanza ilitokea mapema kuliko siku zote. Ilikuwa ya Shilinde, imebeba madumu kila upande, na Shilinde mwenyewe amekaa. Hakuinuka juu ya pedeli kwenye matuta, alikaa. Alifika kijiweni, akampita Agnella, akampita Steven, akazunguka kibanda, akatokea upande wa pili bado amekaa.

"Shuka basi, maziwa," alisema mteja mmoja.

"Nashuka," alisema Shilinde, akazunguka tena.

"Mbona hushuki?" aliuliza Agnella.

"Nikishuka mama utaitaka hii bukta, na mimi siivui." Akapita. Walimsikia akiwa nyuma ya kibanda. "Nimetoka maboma sijagusa chini."

Maziwa yalifunguliwa. Yalikuwa laini, ya moto bado kidogo, na povu juu. Wenzake walipofika waliegesha baiskeli bila kushusha kitu, wakamzunguka Shilinde, wakamgeuza kama mbuzi wa mnadani, wakabonyeza msamba kwa vidole mpaka akawaambia waache, mwili ni wake. Steven alisimama kidogo. Akabonyeza na yeye.

"Kazi zote hizi utazifanyia wapi bila ovaloki?" alimuuliza Agnella, na kwa mara ya kwanza aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Kwako. Safari hii nitalipia," alisema Agnella. "Na sitakaa kwenye kile kiti. Nitakuja na stuli yangu."

Akavua futi shingoni. Akampima mmoja, akapima mwingine, kiuno, nyonga, paja, akikariri vipimo kwa sauti. Wengine walikuwa wanene wa mapaja na wembamba wa kiuno kama nyigu, wengine sawasawa kote, na kila mmoja alisimama mbele yake kama yuko kwa daktari, anatazama mbali. Mwishowe akabaki Kasmiri, amesimama nje ya mstari, anaangalia upepo kwenye gurudumu ambalo lilishaangaliwa sana.

Agnella alishusha futi. Mkwe hapimwi mapaja na mama mkwe wake, hata mvua ikinyesha na hata biashara ikiwa nzuri namna gani.

Apolinari alikuja akaichukua futi mkononi mwake. "Geuka," alimwambia mkewe. Akageuka. Nyuma yake alimsikia akipima, anakosea, anaanza upya, akimtajia namba kwa sauti ya juu ya fundi mkuu, naye akazirudia moja moja ili zisipotee. Kiuno. Nyonga. Paja la kulia. Kisha sauti ya mumewe ikashuka chini, ya mwanamume kwa mwanamume.

"Na ndani, mwanangu..."

"Nilisikia, baba," alisema Kasmiri upesi. "Nilisikia toka ukutani."